Injini Ndogo Iliyokataa Kuwaka

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya shughuli zangu tangu nilipostaafu. Wenzangu wamelima, wengine wamefuga kuku. Mimi nimetengeneza injini ya petroli, nayo ni hii hapa mezani. Tundu la silinda lina upana wa milimita 24, na pistoni husafiri milimita 24. Ujazo wake ni kama vijiko viwili vya chai. Haiendeshi kitu chochote. Mke wangu ameniuliza mara nyingi itasaga unga lini.

Mwendo wake ni ule ule wa injini ya Nikolaus Otto, Mjerumani, ya mwaka 1876: kuvuta, kushindilia, kuwaka, kutoa moshi. Krenki huzunguka mara mbili kwa kila moto mmoja, ndiyo maana gia ya kemu ina meno 40 na ile inayoizungusha ina 20. Nilichagua mtindo wa kizamani ulio rahisi. Vali ya kuingizia haina kemu. Imeshikwa na springi laini tu, na pistoni ikishuka, mvuto wake ndio unaoifungua. Silinda ni ya chuma cha kusubu, na mashine ya kukerezea niliazima jioni kwa fundi jirani.

Siku ilipokamilika niliwaita wajukuu. Nikazungusha gurudumu mpaka mkono ukafa ganzi. Kimya.

Kwa miezi mitatu niliilaumu kabureta. Nilitengeneza kabureta tatu! Nikabadili plagi, nikabadili koili, na cheche naiona kwa macho yangu. Jioni moja mjukuu wangu wa kidato cha pili, aliyekuwa ananishikia taa, akauliza: "Babu, mbona hii vali ya juu hainyanyuki?"

Kweli, haikunyanyuka. Pistoni iliposhuka haikuvuta petroli. Ilivuta hewa kwa nyuma, kupitia vali ya kutolea moshi iliyokuwa haizibi. Na vali ile, ndugu zangu, niliijua. Nilipokata kikalio chake kifaa kilitetemeka kikaacha mikwaruzo. Niliiona, nikajiambia moto utailainisha.

Wa miaka yetu mtamkumbuka mwalimu wa ufundi wa chuma, alivyokuwa akiweka kiguni juu ya kazi yako na kuinua vyote dirishani. Akiona mwanga katikati, anakurudishia tupa. Mimi nilirudishiwa mara nne. Mara ya tano nilipaka grisi iliyochanganywa na masizi pale penye ufa; mwanga haukupita, nikapewa alama zangu. Sikumwambia kamwe, naye ameshafariki. Nawaambia ninyi leo.

Injini haina dirisha wala grisi ya kuizuga, na iliyo ndogo ni kali kuliko kubwa. Ukipunguza vipimo vyote nusu, ujazo wa silinda unapungua mara nane, lakini ukingo wa vali, mahali pa kuvujia, unapungua nusu tu. Uvujaji ambao lori halitauhisi unaiua hii. Tena ukiizungusha polepole kwa mkono, hewa inapata nafasi ya kutoroka kabla ya cheche.

Basi nilikata kikalio upya, chembamba, kama nusu ya milimita. Kikiwa kipana hakizibi vizuri. Nikaisaga vali kwa rojo laini, nikiigeuza huku na huku kwa vidole, mpaka ikatokea pete ya kijivu isiyokatika. Kisha nikamimina mafuta ya taa kwenye njia ya moshi, nikaweka pamba upande wa pili, nikaenda kulala. Alfajiri pamba ilikuwa kavu. Nilipozungusha, vali ya juu ililia tik, na mara ya sita injini ikakohoa. Mjukuu alikimbia, akarudi anacheka.

Michoro nimemwachia mwalimu wa ufundi, na kabureta mbili za ziada atakayezitaka achukue. Sasa tutoke uwanjani niiwashe. Humu ndani hapafai kwa ajili ya moshi. Vijana, simameni nyuma ya kamba, na chupa ya petroli ibaki kwangu.