Neno "Hardly" na Hatari Yake

Mtu aombaye kazi kwa Kiingereza akiandika "I work hard," amesema, "Nafanya kazi kwa bidii." Lakini akiandika "I hardly work," amejishtaki kuwa mvivu, kwa maana amesema, "Kazi sifanyi ila kidogo mno." Wengi hudhani kuwa maneno haya mawili ni mamoja. Sivyo. Zamani "hardly" lilikuwa na maana ya kwa nguvu, kisha kwa shida. Na lifanyikalo kwa shida hukaribia kutofanyika. Hata kwa Kiswahili, mzee aonaye kwa shida ni karibu haoni. Tena, neno hili lina ukanusho ndani yake, lisiongezewe "not." Basi, kabla ya kutia barua posta, na isomwe mara ya pili.