Binti Atakaye Kuwa Mkunga



Mwulize binti wa shule ng'ambo hii ya Mombasa ataka kuwa nani, naye mara nyingi atajibu: "Muuguzi na mkunga." Jibu hilo ni jema, lakini halitoshi. Yafaa aulizwe tena: je, waijua kazi yenyewe? Waijua njia ya kuifikia?

Kazi ya mkunga ni kushindana na saa. Mama aliyejifungua salama aweza kuanza kutokwa na damu nyingi. Asipotibiwa, hata aliye na afya njema aweza kufa katika muda wa saa mbili. Mkunga aliyefundishwa humchoma sindano ya oksitosini, huukanda mji wa mimba ujikaze, hutazama kama kondo la nyuma limetoka lote, na humwita daktari mapema. Tena hupima shinikizo la damu tangu siku za mimba, maana kifafa cha mimba mara nyingi hutoa dalili kabla ya kumwangusha mama.

Sasa ifikirini Likoni. Kati yake na hospitali kuu iliyoko kisiwani kuna maji ya Kilindini, na mwenye uchungu hangoji feri. Ni kweli kwamba Likoni ina hospitali yake, na Changamwe ina ile ya Port Reitz. Lakini jengo halimpokei mtoto. Ampokeaye ni mkunga.

Njia ya kazi hii ni ndefu lakini i wazi. Zamani uuguzi na ukunga vilifundishwa mbali mbali. Tangu 1987 Kenya ina mafunzo yanayoviunganisha pamoja na afya ya jamii. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, kilichoanza 1927, kina tawi Mombasa. Atakaye stashahada huhitaji wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, na C katika biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Husoma yapata miaka mitatu, kisha hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi ndipo aandikwe katika daftari lake. Basi binti anayepuuza biolojia katika kidato cha kwanza amekwisha kuufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wako akina baba wasemao kwamba kazi ya usiku haimfai binti wa watu. Neno hilo latoka katika mapenzi, wala si la kudharauliwa. Lakini siku mkewe ashikwapo na uchungu usiku wa manane, baba huyo huyo huuliza kama mkunga wa zamu ni mwanamke. Je, mwanamke huyo ni binti wa nani? Ni binti aliyeruhusiwa na baba mwingine.

Wala heshima ya kazi hii haiishii wodini. Mwaka 2022 muuguzi wa Kenya, Anna Qabale Duba wa Marsabit, alipewa huko Dubai tuzo ya wauguzi wa dunia yenye dola 250,000, kwa jitihada zake za kuelimisha watu wa kwao na kuwatetea wasichana.

Wakunga wa jadi nao wasisahauliwe. Wengi walipokea watoto wa vijiji kwa mikono mitupu na moyo mkuu. Binti wa leo ataka kuipa mikono hiyo elimu. Basi mzazi na ampe taa ya kusomea na muda wa kusoma, naye binti na akishike kitabu. Iko siku mama wa Likoni atashikwa na uchungu feri ikiwa ng'ambo ya pili, naye atamkuta mkunga karibu.