Mstari na Kitabu: Namna Maandiko Yanavyoongoza Maamuzi ya Kila Siku

Wakristo hatubishani kwamba Maandiko ni mwongozo wa maisha. Tunatofautiana juu ya namna yanavyoongoza. Wapo ambao wakikabiliwa na uamuzi wa kuhama kazi, kuoa au kukopa, hufungua Biblia popote na kuuchukua mstari wa kwanza unaowagusa kuwa ndilo jibu. Wengine husubiri mstari wa siku uingie kwenye simu alfajiri. Mimi nashikilia kwamba Biblia humwongoza mtu hasa kwa kumlea. Husomwa kwa mfululizo, kitabu baada ya kitabu, wakati mambo bado yametulia, ikatengeneza fikra na dhamiri, na siku ya uamuzi ikifika mtu huamua kwa malezi hayo.

Tuutazame Yeremia 29:11, mstari unaochapwa kwenye kalenda, kubandikwa kwenye daladala na kusomwa kwenye mahafali, kwamba Mungu anawawazia watu wake mema. Ahadi hiyo ni ya kweli, na sitaki kumnyang'anya mtu faraja yake. Lakini ni sehemu ya barua ambayo Yeremia aliwapelekea mateka wa Babeli. Mstari wa 10, jirani yake kabisa, unataja miaka 70. Mistari ya 5 hadi 7 inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea mji uleule uliowateka. Ukirudi sura ya 28 utamkuta nabii Hanania akitangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka 2 mateka watakuwa wamerudi, na Yeremia akimwambia usoni kuwa anawatumainisha watu uongo. Basi anayeuchomoa mstari wa 11 ili kumwahidi msharika muujiza wa wiki hii, anatumia maneno ya Yeremia kuhubiri mahubiri ya Hanania. Msharika aliyeachishwa kazi akiisoma barua nzima hupata neno gumu zaidi, na lenye kumfaa zaidi: kwamba kungoja kunaweza kuwa kurefu, na kwamba katika kungoja huko kuna kulima, kulea na kuwatakia mema majirani.

Nyikani, kwa mujibu wa Luka 4, Shetani naye alinukuu Zaburi ya 91, na maneno aliyoyataja yamo kweli katika zaburi hiyo. Yesu alimjibu mara tatu kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, mahali panaposimulia jinsi Israeli walivyojaribiwa jangwani. Alilijibu jaribu la jangwani kwa kitabu cha jangwani, na jibu la namna hiyo hutoka kwa mtu aliyeishi na kitabu kwa miaka. (Namba zenyewe za mistari tunazozichomoa ni ngeni: katika Agano Jipya, hizi tunazotumia zilitiwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551.)

Wapo watakaopinga kwa kumtaja Augustino, aliyefungua nyaraka za Paulo bustanini Milano mwaka 386, akasoma mistari michache ya Warumi 13 na kuongoka. Pingamizi hili lina uzito. Ila kitabu hicho alikuwa akikisoma tayari, na mahubiri ya Ambrosi, askofu wa mji huo, alikuwa ameyasikiliza kwa muda mrefu. Mstari ulianguka penye udongo uliokwisha kulimwa. Zaidi ya hayo, Augustino huyohuyo, alipokuwa askofu, aliandika kwamba hapendezwi na desturi ya kupiga kura kwa kurasa za Injili kwa ajili ya shughuli za dunia. Mtaguso wa Agde wa mwaka 506 uliipiga marufuku kabisa.

Wengine watasema: Biblia haitaji mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu, itaniongozaje? Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ni kutwaa uhai wa mtu. Inamzuia mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mdaiwa. Asimame nje, aletewe rehani. Na kama rehani ya maskini ni vazi lake, alirudishiwe jua linapotua, apate kulilalia. Mtu aliyekaa na sura hiyo haulizi tena kama kikundi chake cha kukopeshana kina ruhusa ya kubeba cherehani ya mama anayeitegemea kulisha watoto. Jina la mkopo halimo, kipimo cha haki kimo.

Linabaki pingamizi la kukosa muda na elimu ya kusoma hivyo, ambalo wachungaji hulitaja mara nyingi kuliko waumini. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walikuwa wasikilizaji wa kawaida wa sinagogi, na wakayachunguza Maandiko kila siku kuona kama hata Paulo alisema kweli. Sisi tunayo Biblia nzima ya Union Version kwa Kiswahili tangu 1952, na tunazo jumuiya zinazokutana nyumba kwa nyumba. Napendekeza kila jumuiya ianze na kitabu kifupi, isome sura moja kwa wiki bila kuruka, na kila kikao kiulize sura hiyo inasema nini juu ya jambo moja halisi la mtaani. Waraka wa Yakobo una sura 5, na ya mwisho inazungumzia ujira wa vibarua waliodhulumiwa. Amosi ina 9, na katika ya 8 wamo wafanyabiashara wanaopunja vipimo.