Kinga Iliyomo Kapuni



Mwili unapogeuza chakula kuwa nguvu, huzalisha pia molekuli haribifu ziitwazo radikali huru. Moshi wa sigara huziongeza. Zikizidi, hudhuru seli. Antioksidanti ni viambata vinavyozituliza, miongoni mwake vitamini C, vitamini E na beta-karotini.

Viambata hivyo vimo katika mapera, machungwa, maembe, mchicha, matembele, karoti na karanga zinazouzwa hapo Kariakoo. Mboga zisichemshwe kwa muda mrefu, wala maji yake yasimwagwe, kwa kuwa vitamini C huharibiwa na joto na huyeyuka majini.

Hata hivyo, vipo vidonge vya antioksidanti vinavyonadiwa kuwa ni kinga ya kila maradhi. Jihadharini navyo. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Finland kwa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa beta-karotini, miligramu 20 kila siku, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Kilicho chema ndani ya karoti hakikuwa chema ndani ya kidonge.

Basi, kabla ya kutoa fedha, someni lebo na mumwulize daktari au mfamasia, hasa mvutaji wa sigara. Wala asiwepo wa kuacha dawa ya hospitali kwa ahadi ya muuzaji. Fedha ya kopo moja hujaza kapu la mboga na matunda.