Mapishi ya Mtoto Yaliyo Kwenye Simu: Yapange Kabla ya Kuyapika

Kama kuna kalamu na karatasi karibu nawe, zichukue, maana leo kuna mambo ya kuandika.

Leo tutazungumza juu ya mapishi ya watoto tunayoyapata kwenye simu. Jioni mama anafungua WhatsApp, anakuta mwenzake wa chama ametuma jinsi ya kupika uji wa wimbi. Anafungua Facebook, anaona maini yaliyopondwa pamoja na malenge. Kwenye YouTube kuna mpishi wa Nigeria, wa India na wa Marekani. Yote anayahifadhi. Baada ya miezi michache ana mapishi mengi kwenye simu, yamechanganyika na picha za harusi na matangazo ya mazishi.

Je, mapishi hayo yanamfaa mtoto? Mara nyingi hayamfai, kwa sababu tatu. Kwanza, yanapohitajika hayaonekani. Pili, simu huenda kazini na mama, lakini mtoto hubaki nyumbani. Anayepika saa nne asubuhi si yule aliyeyasoma. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mapishi ya umri mbalimbali yamechanganyika. Chakula kinachomfaa mtoto wa miaka 3 kinaweza kumdhuru mtoto wa miezi 7.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nunua daftari moja la shule, tufuate hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kuchuja. Usinakili kila kitu. Soma kila pishi ukitafuta mambo haya.

Angalia kama lina asali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, wala ya kulamba kidoleni, wala iliyotiwa kwenye uji. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, navyo hutoa sumu inayolegeza mwili. Mtoto hufunga choo, hulia kwa sauti dhaifu na hushindwa kunyonya. Ukiona dalili hizo, mpeleke hospitali mara moja.

Angalia chumvi, sukari na vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi. Kama pishi ni zuri, liandike bila vitu hivyo. Angalia pia njugu karanga nzima, bisi na vipande vigumu vya karoti mbichi, kwa maana vinaweza kumsakama mtoto kooni. Njugu zisagwe ziwe laini.

Halafu kuna ule unga wa uji wenye nafaka na vitu vingine kumi, pamoja na maharagwe na omena. Wengi wanausifu, lakini maharagwe na omena haviivi kwa muda mmoja na wimbi, na njugu zikikaa ndani ya unga huuharibu upesi. Chagua nafaka moja au mbili za uji. Omena, maharagwe na njugu mpe mtoto kando katika mlo wake mwingine. Tena hakikisha nafaka na njugu hazina kuvu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini yaliua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Mwisho, futa pishi lolote linalodai kutibu. Kuna juisi ya bitiruti inayosemwa inaongeza damu kwa siku chache. Bitiruti ni chakula kizuri, lakini mtoto aliyepauka viganja na kuishiwa nguvu anahitaji kupimwa kliniki. Huenda ana malaria au minyoo. Ukimkalisha nyumbani na juisi, ugonjwa unaendelea.

Hatua ya pili ni kugawanya daftari kwa umri. Tenga sehemu tatu. Hakuna sehemu ya chini ya miezi 6, kwa sababu mtoto huyo anahitaji maziwa ya mama peke yake.

Sehemu ya kwanza ni miezi 6 hadi 8. Hapa andika vyakula vilivyopondwa vikawa laini lakini vizito, visivyomwagika kutoka kwenye kijiko. Mtoto huanza na vijiko vikubwa 2 au 3, kisha unaongeza polepole hadi nusu kikombe, mara 2 hadi 3 kwa siku.

Sehemu ya pili ni miezi 9 hadi 11. Andika vyakula vilivyopondwa kidogo au kukatwakatwa, na vile anavyoweza kushika mwenyewe. Apate nusu kikombe, mara 3 hadi 4 kwa siku.

Sehemu ya tatu ni mwaka 1 hadi 2. Huyu anakula chakula cha jamii, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara 3 hadi 4 kwa siku. Katikati apewe kitu kidogo kama ndizi mbivu. Katika umri wote huu, anaendelea kunyonya.

Hatua ya tatu ni kuandika kwa vipimo vya nyumbani kwako. Kikombe ninachokitaja ni cha mililita 250. Kikombe chako cha chai huenda ni kikubwa zaidi. Chukua pakiti ya maziwa ya nusu lita, uigawanye sawasawa katika vikombe viwili vinavyofanana. Pale maziwa yanapofika, tia alama. Hicho ndicho kipimo chako.

Mapishi ya Marekani hutaja ovena yenye joto la 350. Hizo ni digrii za Fahrenheit, karibu sawa na 180 za Selsiasi. Lakini kama unatumia jiko la makaa, usihangaike. Viazi vya kuokwa vinaweza kuchemshwa. Badilisha pia vitu ambavyo haviuzwi sokoni kwenu. Pishi likitaja spinachi, mchicha au kunde zitafaa. Likitaja samaki wa baharini nawe uko Busia, omena zipo.

Hatua ya nne ni kujaribu na kuandika matokeo. Pishi ambalo hujalipika, litie alama ya kuuliza. Ukilipika, andika tarehe, kiasi alichokula, na kama tumbo lilikuwa sawa. Ukimwanzishia mtoto chakula kipya, kianze peke yake, ili akitokwa na vipele au akitapika ujue chanzo. Akivimba uso au akipata shida ya kupumua, usingoje. Kimbia naye hospitali.

Ukurasa wako unaweza kuwa hivi, tafadhali andika:

Viazi vitamu na ndengu. Miezi 6 hadi 8. Kiazi kitamu 1 cha rangi ya machungwa, ndengu zilizochemshwa zikalainika vijiko vikubwa 3, majani machache ya mchicha, mafuta ya kupikia kijiko 1 cha chai. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha kiazi, karibu na kuiva tia mchicha. Ponda vyote pamoja na ndengu, pitisha kwenye chujio kuondoa maganda, tia mafuta. Mpe kikiwa vuguvugu. Kisichoisha kwenye bakuli la mtoto kisiwekwe kwa ajili ya mlo mwingine.

Ni maneno machache, na mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuyafuata.

Hatua ya tano ni mahali pa kuweka daftari. Lisikae kabatini chumbani. Litoboe tundu, ulitundike jikoni mbali na moto na maji. Keti na dada au nyanya, mpike pamoja mapishi mawili au matatu. Kama hasomi vizuri, chora: vijiko vitatu, kiazi kimoja. Kwenye jalada la mbele andika kwa herufi kubwa: ASALI HAPANA MPAKA MWAKA MMOJA. Nyanya akisema wewe mwenyewe ulilambishwa asali ukakua, usigombane naye. Mwambie kwa heshima, "Mama, muuguzi wa kliniki ndiye aliyetukataza," kisha muombe yeye akufundishe mapishi yake ya mboga za kienyeji. Hayo nayo yana nafasi katika daftari.

Siku ya kliniki, libebe pamoja na kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Muuguzi akipima uzito, mwonyeshe mtoto anakula nini. Kama uzito haupandi, daftari litatusaidia kujua kama tatizo ni chakula au ni ugonjwa.

Huenda unasema, muuguzi, kazi hii ni kubwa na mimi nimechoka. Usifanye yote siku moja. Kila Jumapili chagua mapishi mawili, uyachuje na uyanakili. Haba na haba hujaza kibaba. Mapishi kumi yaliyojaribiwa yanatosha kumlisha mtoto vizuri, kuliko mia moja ambayo hakuna aliyeyapika.

Kwa kumalizia, msikilizaji, kumbuka: chuja, gawanya kwa umri, tumia kipimo chako, jaribu, kisha tundika jikoni. Usiku wa leo fungua simu yako. Kabla ya jambo lingine, tafuta pishi lolote la mtoto lenye asali ulilomtumia dada, na umpigie kumwambia asilipike.

Hadi wiki ijayo, mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kwaherini.