Ufuo Mmoja, Umma Mmoja



Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka 2019 iliadhimishwa hapa Mombasa, katika ufuo wa Mama Ngina uliokuwa umetengenezwa upya. Sikulipinga jambo hilo. Nami hupunga upepo pale. Lakini katizeni kisiwa mpaka Moroto, kwenye mkono wa bahari wa Tudor. Huko nako ni ufuo. Mabanda ya mabati yameteremka hadi kwenye mikoko, na wakazi wengi wategemea vyoo vya shimo. Mwamba wetu ni wa matumbawe, umejaa vitundu. Kinachotiwa shimoni hunywea chini kikaelekea visimani na baharini. Masika yakianza, mashimo hufurika na uchafu hupita milangoni.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kifungu cha 43 chatupa haki ya viwango vifaavyo vya usafi. Je, umma ni wale wa upande wa picha tu?

Twaidai serikali ya kaunti isome bajeti ya maji taka hadharani, kwa Kiswahili, papo hapo Moroto, kabla ya kuongeza hata kiti kimoja Mama Ngina.