Kuongeza Upepo Kila Wiki Si Kutengeneza Tairi

Haya ni maelezo aliyotoa ofisa wa mawasiliano wa kaunti kwa madereva, wahudumu wa boda boda na wafanyabiashara wa Kikopey. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Nawashukuru kwa kunipa nafasi kabla nyama haijaiva. Najua ikishaiva hakuna atakayenisikiliza, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja.

Nimekuja kuzungumza juu ya tairi linalopoteza upepo pole pole. Tairi lililopasuka, au lile unaloamka asubuhi na kulikuta limelala chini, linajitangaza lenyewe. Ninalozungumzia ni lile ambalo Jumatatu liko sawa, Alhamisi limelegea kidogo, unapita kituo cha mafuta, kijana anakuongezea upepo, unamshukuru na kuendelea na safari. Wiki inayofuata ni hivyo hivyo. Mwisho unazoea na kusema hiyo ni tabia yake.

Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa miezi miwili. Lilikuwa tairi la nyuma, upande wa kushoto. Siku nilipolipeleka kwa fundi wa pancha, alilivua kwenye rimu, akaliinamisha, na vumbi jeusi likamwagika kama masizi ya jikoni. Akaniambia, "Hili halizibiki tena." Kilichokuwa kinavuja ni valvu, pale upepo unapoingilia, kitu kidogo ambacho kingebadilishwa siku ya kwanza kwa pesa kidogo. Nililazimika kununua tairi jipya. Lile vumbi lilikuwa mpira wa ndani wa tairi, uliosagika kwa sababu nilikuwa nikiliendesha likiwa limelegea.

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua haraka haraka: kitapata moto, kisha kitakatika. Tairi nalo ni hivyo. Linapata moto ndani, mpira unaachana na nyuzi zilizoushikilia, na siku moja linapasuka. Ukiwa unakwenda pole pole kwenye barabara ya mashambani, pengine utatetereka tu na kusimama. Kwenye barabara hii kuu ya Nairobi na Nakuru ni hadithi nyingine. Kuna malori mbele na nyuma, kuna mtu anayejaribu kupita, na pembeni hapa Kikopey kuna wauzaji, abiria walioshuka na watoto wanaosubiri kuvuka. Gari ambalo tairi lake limepasuka halimtii dereva.

Kuna atakayeuliza kaunti inahusika vipi na tairi la mtu. Barabara hii iko chini ya KeNHA, na ukaguzi wa magari ni kazi ya NTSA. Ni kweli. Lakini majeruhi wanapotolewa hapa, wanapelekwa hospitali ya Gilgil au ile ya rufaa kule Nakuru, na hizo ni hospitali za kaunti.

Sasa niseme juu ya baridi, kwa sababu ndiyo kisingizio ninachokisikia zaidi. Dereva ametoka Mombasa, amelala Gilgil, asubuhi anapima tairi na kukuta limepungua PSI sita. Anasema, "Ni baridi ya huku." Tupige hesabu. Ukijaza PSI 32 Mombasa, joto likiwa nyuzi 30, kisha upime hapa alfajiri kukiwa na nyuzi 10, baridi peke yake itakupunguzia kama PSI tatu. Lakini hapa tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya nje ni nyepesi. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, kwa hivyo mwinuko wenyewe unakuongezea kama PSI tatu. Hayo mawili yanakaribia kufutana. Tairi zima lililojazwa 32 Mombasa linapaswa kusoma karibu 32 hapa alfajiri. Isitoshe, baridi haichagui tairi. Yakishuka yote manne sawasawa, laumu hali ya hewa. Likishuka moja, linavuja.

Kupima kwenyewe kufanywe asubuhi kabla gari halijatembea. Presha inayofaa gari lako imeandikwa kwenye stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani na stika zake hutumia kipimo cha kPa. 220 ni karibu PSI 32. Pima matairi yote pamoja na spea, andika kwenye simu, upime tena baada ya siku tatu. Tairi zima nalo hupoteza kidogo, PSI moja au mbili kwa mwezi. Likipoteza hizo kwa siku tatu, kuna tundu mahali.

Msisubiri taa ya dashibodi. Marekani iliamuru magari madogo yote mapya yawe na kifaa cha kutoa onyo tangu Septemba 2007, lakini mengi ya haya yetu hayana. Hata pale kilipo, taa huwaka upepo ukiwa umeshapungua kama robo. Gari la PSI 32 litakuonya likifika 24, na kufikia hapo tairi limeshaanza kujisaga.

Ukisimama hapa kula baada ya safari ndefu, matairi ni moto na geji itasoma juu kuliko kawaida. Usitoe upepo huo. Lakini unaweza kuyalinganisha: tembeza kiganja chako kutoka tairi hadi tairi, na lile lenye joto kuliko mwenzake wa upande wa pili lichunguze. Kazi hiyo haichukui muda mrefu kuliko kusubiri kilo moja ya mbavu.

Kutafuta tundu kunahitaji maji, sabuni na subira. Koroga sabuni ya unga mpaka itoe povu. Anza na valvu: fungua kifuniko, dondosha povu mdomoni, kisha uikunje kidogo kwa kidole huku ukiweka povu kwenye shina lake, maana mpira wa valvu uliozeeka hupasuka pale chini. Kisha mwagia sehemu yote inayokanyaga barabara. Sogeza gari nusu mzunguko umwagie tena, kwa sababu msumari una mazoea ya kujificha pale pale tairi linapogusa ardhi. Angalia pia waya nyembamba zinazobaki matairi yanapochomwa barabarani au mpira wa lori unapobanduka. Ni nyembamba kama uzi na huingia bila wewe kusikia. Mwisho mwagia mahali mpira unapokutana na rimu, pande zote mbili. Mvujo wa pole pole hautoi povu kubwa. Unatoa vipovu vidogo vidogo vyeupe vinavyokusanyika polepole, kwa hivyo ukimaliza kumwagia ngoja dakika chache kabla ya kusema hakuna kitu.

Ukiona msumari, usiung'oe nyumbani. Ukiwa umekaa pale, ndio unaozuia upepo. Jaza tairi, nenda pole pole kwa fundi.

Kwa fundi, ulivyo mvujo ndivyo dawa yake. Valvu inabadilishwa. Rimu yenye kutu inasuguliwa mpaka iwe safi, na ile iliyopinda kwa sababu ya shimo inanyooshwa, ila iliyopata ufa itupwe. Tundu la msumari katikati ya tairi linazibwa, na hapa naomba mng'ang'anie haki yenu: tairi livuliwe, liangaliwe ndani, libandikwe kiraka kutokea ndani. Ule uzi wa gundi unaochomekwa kutoka nje ni wa kukufikisha nyumbani. Tundu la ubavuni halizibiki, hata fundi akuapie.

Kuna mambo mawili ambayo nimeyaona nikayaogopa. La kwanza ni kutia tyubu ndani ya tairi ambalo halikutengenezewa tyubu, ili mvujo usionekane. Jeraha linabaki pale pale, joto linaongezeka, na tyubu ikipasuka upepo wote unatoka kwa mpigo mmoja. La pili ni kuchomelea rimu tairi likiwa bado limevaliwa. Ndugu mafundi, hata likiwa limetolewa upepo, mpira ukipata moto hutoa gesi ndani, na gesi hiyo inaweza kulipuka kama bomu. Limeua mafundi katika nchi nyingi. Vueni tairi kwanza, kila mara. Na wale mnaojaza matairi ya lori yenye rimu za pete, msisimame mbele ya pete.

Vijana wa boda boda, nyinyi mna tyubu, na dawa ni ile ile ya beseni la maji. Ila mkishaziba, pitisheni kidole taratibu ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu. Mwiba uliotoboa mara ya kwanza mara nyingi bado uko pale.

Ukibadilisha tairi kando ya barabara, weka pembetatu zako mbili mbali na gari, uzuie magurudumu kwa mawe. Ukimaliza, mawe yale yaondoe. Kuna wenzetu wengi huyaacha pale na matawi yao, na usiku yanakuwa ajali ya mtu mwingine. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi.

Nimeona matatu moja hapo nyuma imeegemea upande wa kulia. Dereva wake, kama hutaona vibaya, isogeze hapa mbele. Mama ametuazima beseni na sabuni ipo. Tuanze na valvu.